Akasha walikuwa madalali, si wafalme

Jina la Akasha likitajwa Mombasa, hadithi huanzia Amsterdam. Tarehe 3 Mei 2000, Ibrahim Akasha Abdalla, mzee wa ukoo, alikuwa akitembea na mkewe kwenye mtaa wa Bloedstraat katikati ya jiji hilo alipopigwa risasi akafa. Magazeti ya Kenya na Uholanzi yaliyahusisha mauaji hayo na deni la mzigo wa hashishi. Wanawe wakabaki na mali, jina na maadui. Wakagombana wenyewe kwa wenyewe, na mwaka 2002 mmoja wao, Kamaldin, naye akauawa kwa risasi Mombasa. Waliobaki na usukani ni Baktash na mdogo wake Ibrahim, na hao ndio waliopandishwa ndege kwenda New York Januari 2017.

Baba, wana, damu, urithi. Ni tamthilia iliyokamilika, na kwa zaidi ya miaka ishirini ndivyo tulivyoisimulia barazani na magazetini: ukoo wa wafalme wa unga, na Mombasa himaya yao. Naona simulizi hiyo imetupotosha. Akasha walikuwa madalali. Ukilielewa hilo, hutashangaa kwamba walipoondolewa pwani, unga haukuondoka nao.

Dalali wa nyumba hana nyumba. Ana namba za simu, anajua nani anauza na nani ana fedha, na anajua ufunguo uko kwa mlinzi yupi. Itazame kesi yao ya dawa za kulevya kule New York kwa jicho hilo. Popi ililimwa Afghanistan na heroini ikapikwa huko huko. Usafiri wa baharini, kwa maelezo ya waendesha mashtaka wa Marekani, ulikuwa mikononi mwa Gulam Hussein, raia wa Pakistani. Mambo ya kemikali na Mandrax, vidonge vya kulevya, yalikuwa ya Vijaygiri Goswami, Mhindi ambaye tayari alikuwa ametumikia kifungo kirefu Dubai kwa dawa hizo hizo. Na aliyetajwa kuwa chanzo kikuu cha mzigo, Muhammad Asif Hafeez, alikuwa akiishi London, ambako alikamatwa Agosti 2017 na kupelekwa Marekani mwaka 2023. Ukiwaondoa hao wote mezani, ndugu wawili wa Mombasa wanabaki na nini? Wanabaki na Mombasa: bandari, polisi, mahakama, na jina ambalo mtu wa pwani akilisikia anashusha sauti.

Mtaji wao ulikuwa huo.

Bahari ndiyo iliyoifanya Mombasa kuwa na thamani katika biashara hii. Njia ya zamani ya heroini kwenda Ulaya hupita nchi kavu: Iran, Uturuki, Balkani. Ina mipaka mingi, na kila mpaka una askari na mdomo wake. Njia ya kusini ni nyepesi. Jahazi linapakia pwani ya Makran, kule Iran inakopakana na Pakistani, linasubiri pepo za kaskazi, linashuka hadi usawa wa Kenya, Tanzania au kaskazini mwa Msumbiji. Halitii nanga bandarini. Mashua na boti ndogo hulifuata nje kabisa, mzigo unashushwa sehemu sehemu, na usiku mmoja unatosha. Wakati wa kusi bahari inachafuka na shughuli inapungua. Ni kalenda ile ile iliyoleta tende, mazulia na mababu wa wengi wetu, na manahodha wa leo hawakuhitaji kufundishwa lolote jipya.

Hashishi ilitangulia, kisha Mandrax kwa soko la Afrika Kusini, ambako vidonge hivyo husagwa na kuvutwa pamoja na bangi. Heroini ya kahawia, "brown sugar", ilikuwa imeshaingia vijiweni pwani tangu miaka ya 1980. Hakuna ukoo ulioigundua njia hii. Zamu zao zilipofika, waliikuta ikitumika.

Sasa tuziangalie kilo, kwa sababu zinasema mengi kuliko majina. Mwaka 2014 makachero wa Marekani waliwatuma watu wao Mombasa wajifanye wawakilishi wa genge la Colombia linalotafuta heroini ya kupeleka Marekani. Mazungumzo yakarekodiwa kwa miezi. Mwishowe ndugu hao na washirika wao wakatoa kilo 99 za heroini na kilo 2 za methamfetamini, na tarehe 9 Novemba mwaka huo wakakamatwa Nyali. Kilo 99 si mchezo. Lakini Aprili ya mwaka ule ule meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi moja nje ya pwani ya Kenya na kulikuta na kilo 1,032 za heroini. Jahazi moja, safari moja, na mzigo mara kumi ya ule uliomfikisha "mfalme" mahakamani.

Kilichotokea baada ya hapo hakisimuliwi sana, kwa kuwa hakina picha nzuri. Manowari zinazolinda sehemu hii ya bahari zilikuja kwa ajili ya maharamia na ugaidi. Zikikuta unga katika bahari kuu, zina uwezo wa kuuchukua na kuuteketeza, ila kwa kawaida hazina mahakama ya kuwapeleka mabaharia. Hivyo unga humwagwa baharini na jahazi huachiwa lirudi kwao. Mwenye mzigo hatajwi popote. Kenya yenyewe ilijaribu mtindo wa kishindo zaidi: Julai 2014 ilikamata jahazi la Al Noor likiwa na heroini, na mwezi uliofuata likapelekwa baharini likalipuliwa, Rais Uhuru Kenyatta akishuhudia. Moshi ulionekana vizuri kwenye televisheni.

Nimeanza na bahari makusudi, ingawa ninakotaka kukaa zaidi ni nchi kavu, kwenye jengo la mahakama, kati ya Novemba 2014 na Januari 2017. Ukitaka kuijua kazi ya Akasha, isome miezi hiyo. Mauaji ya Amsterdam hayatakusaidia.

Marekani iliomba washtakiwa wanne wapelekwe huko. Kesi ya aina hiyo haiulizi kama mtu ana hatia. Inauliza kama hati zimekamilika, kama kosa linatambuliwa na nchi zote mbili, na kama aliyesimama kizimbani ndiye anayetafutwa. Ni maswali machache. Hii ilichukua zaidi ya miaka miwili na haikufika hukumu. Washtakiwa walipata dhamana. Kesi ikatajwa, ikaahirishwa, ikapangiwa tarehe, ikaahirishwa tena. Yeyote aliyewahi kushinda kwenye benchi la mahakama zetu anaujua mwendo huo, na anajua pia kwamba ucheleweshaji mwingi hauna njama ndani yake: hakimu ana likizo, faili halijaletwa, shahidi yuko safarini. Hapo ndipo ulipo uzuri wake kwa mwenye fedha. Ucheleweshaji wa kununua unafanana sawasawa na ucheleweshaji wa bure. Huhitaji hakimu akuachie huru, jambo ambalo lingeonekana na kukatiwa rufaa. Unahitaji tu aseme: tarehe nyingine.

Haya si maneno ya barazani. Oktoba 2018, mbele ya mahakama ya New York, ndugu wawili walikiri makosa sita, na pamoja na heroini, methamfetamini na silaha, mojawapo lilikuwa la kuzuia haki isitendeke kwa kuwahonga maofisa wa Kenya. Waendesha mashtaka walizitaja kada zilizopokea: majaji, waendesha mashtaka, polisi. Fedha za unga zilinunua muda. Tena muda ule haukukaa bure. Kwa maelezo hayo hayo ya upande wa mashtaka, kundi hilo lilikuwa na mpango wa kutengeneza methamfetamini Msumbiji kwa efedrini kutoka kiwanda kimoja cha Solapur, India. Polisi wa Thane walipouvunja mtandao wa kiwanda hicho Aprili 2016 na kukamata efedrini kwa tani, washtakiwa wetu walikuwa bado Mombasa, nje kwa dhamana, wakisubiri kesi itajwe.

Watu hudhani jambazi mkubwa ni yule mwenye bunduki nyingi. Akasha walikuwa na bunduki, na vitisho, na New York walikiri hata makosa ya silaha. Lakini bunduki haikumzuia hata siku moja ofisa wa Marekani. Kilichomzuia ni kitabu cha tarehe cha karani.

Halafu serikali ikafanya jambo ambalo lilishangiliwa na wengi na ambalo mimi hadi leo silipendi. Mwishoni mwa Januari 2017, kesi ikiwa bado mahakamani, watu wote wanne walichukuliwa, wakapandishwa ndege pamoja na maofisa wa Marekani na kuondoka. Kwa Goswami na Hussein, wageni, serikali ingeweza kusema imewafukuza nchini. Baktash na Ibrahim ni Wakenya. Mwananchi hafukuzwi kwao. Anapelekwa nje kwa amri ya mahakama baada ya kesi kusikilizwa, na kesi ilikuwa haijaisha. Mawakili walipiga kelele na kwa hilo walikuwa na haki, hata kama wateja wao ndio waliokuwa wakiisimamisha kesi hiyo hiyo kwa hongo.

Ukikaa ukalitafakari, ni ungamo la ajabu kutoka kwa dola. Serikali haikusema mahakama yake imenunuliwa. Haikumshtaki hakimu, haikuomba jopo jipya, haikuhamishia kesi Nairobi. Ilipita mlango wa nyuma ikaiacha mahakama imekaa pale pale, na mtaji wa dalali anayefuata ukabaki salama bila mikwaruzo. Baktash alihukumiwa miaka 25 Agosti 2019. Ibrahim alipata 23 Januari 2020. Jaji alikuwa Mmarekani, Victor Marrero.

Kuna sababu iliyowafanya wao waitwe familia ya kihalifu na sisi tukaridhika na jina hilo. Ofisi ya waendesha mashtaka iliyowashughulikia, ile ya Wilaya ya Kusini ya New York, ndiyo iliyowashtaki wakuu wa Mafia ya jiji hilo mwaka 1985 na 1986 katika kesi ya Kamisheni, enzi za Rudolph Giuliani. Mafia wale kweli walikuwa na familia kwa maana ya muundo: bosi, msaidizi, makapteni, askari, na tangu 1931 baraza la kugawana maeneo na kusuluhisha ugomvi, lililoanzishwa na Lucky Luciano. Sheria ya RICO ya 1970, sheria ya Marekani dhidi ya magenge ya uhalifu, ilitungwa kupiga muundo wa namna hiyo. Wakuu walipopewa vifungo vya miaka 100 Januari 1987, kitu halisi kilivunjika, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kuvunja: vyama vya wafanyakazi vilivyoshikwa, zabuni za zege, orodha ya watu waliokula kiapo.

Miwani ile ile ilipoletwa Mombasa, ikaona familia. Na familia ilikuwepo, ya kuzaliwa, yenye mama na mirathi na kesi za mashamba. Lakini Hussein hakula kiapo kwa Baktash. Goswami alikuja kwa sababu alihitaji mtu mwenye mji. Kesho yake angeweza kumpata mwingine Dar es Salaam au Durban, na wenzake katika kazi hiyo walifanya hivyo hivyo.

Dar es Salaam nayo ilikuwa na wake. Januari 2012 zilikamatwa kilo 210 za heroini Lindi, na anayedaiwa kuhusika, Ali Khatib Haji Hassan, maarufu Shkuba, alikamatwa mwaka 2014. Marekani ikamweka kwenye orodha yake ya vigogo wa dawa za kulevya Machi 2016. Yeyote anayezijua kesi za mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, anajua kilichofuata: mshtakiwa anafikishwa mbele ya hakimu na upande wa serikali unasema upelelezi haujakamilika. Februari 2017 Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam alisoma hadharani majina ya watu kadhaa, wakiwemo wasanii na wanasiasa, akawataka wafike polisi. Nchi nzima ilibaki inajadili wasanii. Miezi michache baadaye, Mei, Shkuba alipandishwa ndege kwenda Marekani bila mbwembwe. Tanzania walau ilipata kitu cha kudumu mwaka huo: mamlaka mpya ya kudhibiti dawa za kulevya, iliyoanza kazi na kamishna jenerali wake na nguvu za kukamata na kupeleleza yenyewe.

Ndiyo mamlaka iliyotangaza Desemba 2023 kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini katika operesheni ya wiki chache. Wakati huo Baktash alikuwa amepitisha zaidi ya miaka minne tangu ahukumiwe. Nakubali kwamba ukamataji mkubwa unaweza kuwa dalili ya kazi nzuri ya polisi kuliko ya biashara kukua. Lakini tani tatu hazisafirishwi na wanafunzi. Kuna aliyeagiza, aliyepokea, aliyekodi ghala, aliyewasha gari kutoka pwani hadi bara.

Mlango huo hautumiwi na unga peke yake. Juni 2014, mwaka ule ule wa kilo 99, polisi wa Mombasa walikuta zaidi ya tani mbili za pembe za ndovu kwenye yadi ya magari. Feisal Mohamed Ali, mfanyabiashara wa Mombasa, alikamatwa Dar es Salaam Desemba, akahukumiwa miaka 20 mwaka 2016, na Mahakama Kuu ikamwachia huru mwaka 2018 baada ya kuona kesi dhidi yake haikuthibitishwa. Hivyo mbele ya sheria hana kosa, na tani mbili za pembe hazina mwenyewe. Upande wa pili, kundi la Moazu Kromah, Mliberia aliyeishi Uganda, lilishtakiwa New York kwa pembe za ndovu na za faru, na baadhi ya washtakiwa katika hati hiyo hiyo wakashtakiwa pia kwa heroini. Mwenye uwezo wa kupitisha kontena la pembe ana uwezo wa kupitisha chochote. Bidhaa inabadilika kadiri bei inavyobadilika duniani, na huduma ya kupitisha inabaki ile ile.

Wenye kulipa bei yote hii hawakuwahi kuitwa mahakamani hata kama mashahidi. Biashara ya kupitisha mzigo huacha masazo, kwa sababu vibarua wa ufukweni na wabebaji mara nyingi hulipwa kwa unga badala ya fedha, na wao inabidi wauuze kwa kete mtaani ili wapate chakula. Hivyo ndivyo mzigo wa Ulaya ulivyogeuka maskani ya Malindi, Lamu, Kisauni, Unguja, Kinondoni na Temeke. Mateja wa pwani hawakuwa soko lililokusudiwa. Walikuwa mshahara wa watu wengine. Hospitali ya Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya kuwatibu waraibu wa heroini, mwaka 2011, na Kenya ikafuata mwishoni mwa 2014 na 2015, Malindi na Mombasa zikiwa miongoni mwa vituo vya mwanzo. Asubuhi utawaona wamejipanga dirishani kunywa dozi mbele ya muuguzi ili wasishikwe na arosto, maumivu ya kukosa unga. Wapo waliokunywa humo kwa miaka mingi sasa, wamerudi kazini, wameoa, wanalea. Napenda waandishi wangewatembelea hao mara nyingi kama walivyopiga picha geti la Akasha kule Nyali.

Narudi kwenye lile kosa la hongo, maana ndilo lililoachwa njiani. Hongo huwa na pande mbili, na mpaka sasa tumeona upande mmoja tu ukifungwa, tena New York, kwa hongo iliyotolewa Mombasa. Ungamo la ndugu wale limo kwenye kumbukumbu za mahakama, limetolewa mbele ya jaji, na halikuwa la ndoto: mtu anayekiri kuhonga amehonga mtu, mahali, siku fulani, kwa kiasi fulani. Kenya ina sheria ya kusaidiana na nchi nyingine katika mambo ya jinai tangu 2011, inayoruhusu kuomba ushahidi wa aina hiyo kwa barua rasmi. Ndugu wawili waliowahi kulipia muda sasa wana muda wa kutosha wa kuhojiwa. Tikiti ya ndege ya mpelelezi mmoja kutoka Nairobi ni nafuu kuliko jahazi lililolipuliwa.